Jumapili Niliyouacha Mpipali Nje

Jirani yangu wa Wembley amefariki. Niliambiwa Jumatano asubuhi, nikiwa kantini ya gereji ya mabasi, dakika kumi kabla ya kuanza shifti. Mwanawe alinipigia simu, akasema kwa Kiingereza chake cha upole kwamba mama ameondoka hospitalini, usingizini, bila maumivu, na kwamba mimi ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuambiwa kwa sababu mama mwenyewe alitaka iwe hivyo. Nikampa pole, nikamshukuru, nikairudisha simu mfukoni. Kisha nikaendesha basi kwa muda wa saa nne na nusu, nikafungua na kufunga milango kila kituo, wala hakuna abiria aliyejua kitu. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haitaji watu kwa majina, na leo sitavunja mwiko huo. Nitamwita Masi, kama nilivyomwita kwa miaka kumi na mmoja tuliyokaa mlango kwa mlango. Kwa Kigujarati, masi ni mama mdogo. Nilipomwita hivyo mara ya kwanza alicheka, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia nimekulia mtaa mmoja na Wahindi, Tanga. Akaacha kucheka. "Tanga ipi?" akauliza, kana kwamba ziko nyingi.

Naye alikuwa mzaliwa wa hukohuko. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, nyumba ikiwa juu na duka chini, na yeye alikuja London akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mmoja aliyevaa sweta juu ya sari na hajawahi kuona theluji. Kiswahili chake hakikuzeeka. Alikuwa na maneno ambayo mimi niliyasikia mara ya mwisho kwa bibi yangu mzaa mama, na aliyatumia kwa kujiamini, bila kujua kwamba huko nyumbani yamekwisha kutupwa. Mumewe alitangulia kabla mimi sijahamia mtaa ule. Mwanawe wa pekee kazi yake iko Kanada. Basi mimi nikawa mtu wa kumtolea mapipa ya taka, kumbadilishia balbu, na kukaa jikoni kwake nikiambiwa kwamba chai ninayopika nyumbani kwangu ni maji ya kuoshea vikombe. Safu hii aliisoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Hukumu yake haikubadilika hata siku moja: "Sentensi zako ndefu, mwanangu. Mtu anaanza kusoma hajala, anamaliza ameshaoga." Nilizoea, na kusema kweli nilikuwa nikiandika huku namfikiria yeye.

Lazima niwaambie kosa langu la kwanza, maana ndilo lililozaa la pili. Dirishani mwa jiko lake kulikuwa na kichungu chenye mmea niliodhani ni mrihani. Harufu yake ilinipeleka moja kwa moja kwenye harusi za kwetu, na mimi bila kufikiri nikachuma jani, nikalifikicha, nikaliweka nyuma ya sikio kama bwana harusi. Masi alikuwa akikanda unga. Akasimamisha mikono. Hakunifokea, alinawa, akaja, akaniambia taratibu kwamba ule ni tulsi, na kwamba tulsi kwao si kiungo wala pambo. Ni mke wa mungu wao Vishnu. Kila mwaka, majira ya majani kupukutika, huuvika kitambaa chekundu na kuuozesha upya, na nyumba isiyo na tulsi kwao ni nyumba isiyo na bibi wa nyumba. Jani lake huchumwa kwa sababu, na kabla ya kulichuma huombwa radhi. Na Jumapili halichumwi kabisa. "Leo siku gani?" nikauliza, jani bado liko sikioni. "Jumapili," akasema. Nilijiona mshenzi. Yeye aliusogelea mmea, akaugusa, akaniombea radhi kwa lugha yake, kisha akarudi kwenye unga wake na mazungumzo yakaendelea. Kwake yalikwisha hapo. Kwangu mimi hayakwisha, kwa sababu tangu siku hiyo nilikuwa nikiingia nyumba ile na mikono imeshikana mgongoni.

Mti wenyewe ninaotaka kuuzungumzia ulikuwa kibarazani. Ni mpipali, mti wenye majani ya umbo la moyo yaliyochongoka ncha ndefu kama mkia, yanayotikisika hata pasipo na upepo wa maana. Masi alinieleza kwamba Brahma yuko mizizini mwake, Vishnu shinani, na Shiva katika matawi, kwa hiyo mpipali haukatwi, hauchomwi kuni, na anayepita karibu yake hushika adabu. Wafu nao wana haja nao. Mtu akifa, siku za matanga yao zikikaribia kwisha, mwanawe huenda kwenye shina la mpipali akamimina maji, ili roho iliyo njiani ipate kunywa. Mama yake Masi alimimina maji pale Tanga, karibu na hekalu lao, kwa ajili ya baba yake Masi. Na mti wa Wembley ulitokana na tunda la mti uleule. Aliliokota kwa mkono wake mwenyewe safari yake ya mwisho nyumbani, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mume, akalikausha ndani ya leso, akalipanda, na mbegu moja katika mamia ikakubali kuota London. Nilipomfahamu Masi, mti ulikuwa wa kufika gotini. Mwaka huu ulinifika kifuani.

Kwa nini ajitaabishe hivyo? Niliwahi kumuuliza, nikataka kujua kama hakuna njia nyepesi. Akanisimulia habari ya mti mwingine, ule unaoteremsha mizizi kutoka matawini mpaka ardhini. Kila mwaka wake zao hufunga, wakauzungushia uzi mti huo, wakiwaombea waume zao umri mrefu. London mti huo haupo nje. Basi Masi na shoga zake wawili walikata picha yake kwenye kalenda, wakaibandika kwenye mguu wa meza, wakawa wanauzungushia uzi mguu wa meza kila mwaka. "Miaka thelathini nilifanya kwa picha," akasema. "Mume wangu akafa na sitini na mbili. Sijui kama ni picha au ndiyo siku zake zilikuwa hizo. Lakini nikasema mimi picha basi." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu aliyebadilisha duka la kununulia mchele. Tangu hapo nilielewa ule mti ni wa nini. Masi alikuwa anaandaa maji yake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mpipali hauna pa kukaa katika nchi hii. Nje baridi inauua. Ndani ya nyumba, kwa imani yao, hauwekwi, maana ni mti wa hekalu na njia panda, mizizi yake hubomoa kuta na kivuli chake hakitaki familia. Kuukata haikubaliki. Masi alitafuta njia, akaipata kwenye kile kibaraza cha vioo kilichoko mbele ya nyumba zetu zote za mtaa ule, pale tunapovulia viatu na kuacha miavuli. "Hapa si ndani," aliniambia, akinyoosha kidole. "Hapa ni nje yenye mlango." Nilicheka sana. Msichana wa Tanga anabishana na miungu na hali ya hewa ya Uingereza kwa wakati mmoja, na anawashinda wote. Jua likitoka majira ya joto anautoa uani, likipotea anaurudisha, na kila Jumamosi asubuhi anaumwagilia.

Jumamosi, na sababu ya Jumamosi ni hadithi. Mungu wa kike wa neema na mali, kwa masimulizi ya Masi, alikuwa na dada mkubwa, na huyo dada alikuwa mkosi mtupu. Kila nyumba aliyoingia ilifilisika. Hakuna aliyetaka kumwoa wala kumkaribisha, na aliyemwoa alimkimbia. Akabaki analia. Mwishowe akapewa mpipali uwe makazi yake, na mdogo wake akaahidi kumtembelea hapo kila Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi mti una baraka, nenda, gusa, mwagilia, omba. Jumapili yuko dada mkubwa peke yake, usimguse. Nilimwambia Masi kwamba huyo dada namhurumia, hakuchagua kuwa mkosi. Akasema hata yeye anamhurumia, ila huruma si sababu ya kumgusa.

Mwezi wa pili mwaka huu mapafu yake yakaanza kumsumbua. Wakamchukua hospitali, wakamrudisha, wakamchukua tena. Mara ya pili, watu wa gari la wagonjwa wakiwa wanamfunga mikanda kwenye kiti, aliniita, akanipa funguo mbili. Moja ya mlango, nyingine ya kibaraza. Kisha akaniomba jambo, na nikaona anaona haya kuniomba. "Mwanangu, mimi najua dini yako. Sikuombi uuabudu. Nakuomba uunyweshe tu, mpaka mtoto aje." Nikasema nitafanya. Akanishika mkono: "Jumamosi. Jumapili usiuguse." Nikasema nimesikia. Nilipomweleza mke wangu, alinitania kwamba sasa nimepandishwa cheo, nimekuwa mtunza miungu ya watu, kisha akawa hatanii, akaniuliza kama nimetafakari vizuri. Nilikuwa nimetafakari. Niliona kumwagilia mti wa jirani mgonjwa hakuna mwanachuoni atakayenigombeza. Nilichokiogopa si kumkosea Mungu wangu. Nilichokiogopa ni kumkosea Masi kwa mara ya pili, tena hayupo.

Jumamosi mbili zilipita salama. Ya tatu ilikuwa mwezi wa tatu, na wale mnaoishi hapa mnazijua siku hizo: mbingu ya buluu, jua linapiga kwenye vioo vya magari, watu wameanza kuvaa fulana. Mpipali ulikuwa umeanza kutoa majani machanga, mekundu mekundu, laini. Nilifanya kosa la mtu wa pwani. Nimekaa London miaka ishirini na minne, lakini nikiona jua, mwili wangu bado unaamini kwamba kuna joto. Nikaukokota mti mpaka uani, nikaumwagilia, nikaugusa shina kwa adabu kama nilivyomwona yeye akifanya, nikauambia hata wewe leo ota jua kidogo. Halafu nikaenda kazini. Siku hiyo kulikuwa na mechi uwanjani, barabara zote za Wembley zimefungwa, basi linatambaa, mashabiki wanaimba na kupiga ubavu wa gari kwa viganja. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma, na mti sikuukumbuka kabisa.

Niliukumbuka Jumapili alasiri. Simu yangu ilikuwa imeandika kwamba baridi itashuka chini ya sifuri na asubuhi kutakuwa na barafu. Nikafungua mlango wa Masi, nikapita hadi uani, nikausimamia ule mti. Ulikuwa mzima, majani yake mekundu yanatikisika. Hatua chache tu, kupitia ndani ya nyumba, mpaka kibarazani. Na mimi nikasimama, mikono mgongoni. Naapa sikuamini hata kidogo kwamba kuna dada mkosi ndani ya lile shina. Lakini Masi aliamini, na ilikuwa nyumba yake, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa Jumapili usiuguse. Nilifikiria kuleta blanketi, nikaona blanketi litaugusa. Nilifikiria kumpigia simu hospitalini, nikaona mtu anavuta hewa kwa mashine, nitamwuliza habari ya mti? Nisimsumbue mgonjwa. Nikajiambia Jumatatu alfajiri nitauingiza, baridi ya siku moja haitafanya kitu. Nikafunga mlango, nikaenda kwangu, nikajiona mtu mwenye heshima.

Jumatatu majani yote yalikuwa meusi, yamelowa, yananing'inia. Nikaubeba mpaka kibarazani, nikauwekea hita ndogo ya umeme. Nikaumwagilia siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata, hofu ikanitoa akili, mpaka udongo ukaanza kunuka uvundo. Baada ya wiki mbili nilikwaruza gome kwa ukucha kutafuta kijani chini yake. Hakikuwapo. Nikakwaruza chini zaidi, na chini zaidi, mpaka kwenye udongo, na mahali pote palikuwa kahawia. Sijui wasomaji wangu mmewahi kukaa chini katika kibaraza cha mtu mwingine, katikati ya viatu vyake, mkiwa mmeharibu kitu kisichotengenezeka. Mimi nilikaa pale karibu saa nzima. Hakuna nilichokuwa nafikiri, nilikuwa nimekaa tu.

Hospitalini neno lake la kwanza lilikuwa mti. Nikasema, "Mzima, Masi." Lilinitoka kabla sijalipima, na likishatoka lilikaa. Akatabasamu chini ya ile barakoa ya hewa. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua kutafuta mwingine. Nilikwenda mpaka Walthamstow, kwenye lile soko refu, kwa sababu dereva mwenzangu aliniambia kuna mtu anauza miti ya nchi za joto. Nilimkuta, kaka mmoja wa Kongo, na tulipogundua kwamba sote ni Waswahili aliniletea kiti. Nikamwonyesha picha ya mpipali. Akaniletea mti wenye jani lililokaribia kufanana, lakini halina mkia. Nikauzungukazunguka. Nilikuwa najiuliza kama mtu wa miaka sabini na tisa, mgonjwa, atatambua mkia wa jani katika picha ya simu. Yule kaka, akidhani nasita kwa sababu ya matunzo, akanielekeza: "Huu iko mti ya ndani, ndugu. Usiutoshe inje. Jua ya mwezi wa tatu huku inadanganya watu." Nikamwambia ahsante. Sikuuchukua. Si kwa uadilifu, niseme ukweli. Niliona tu kwamba namtafutia Masi picha nyingine ya kuzungushia uzi.

Nilikwenda kumwona tena siku chache baadaye nikiwa nimeazimia kusema. Alikuwa na nafuu, amekalishwa kwenye mito, amesukwa nywele na muuguzi wa Kenya aliyekuwa akimwita shosho, yaani bibi. Tulizungumza habari za Tanga, nikangoja tusimame mahali. Hapo yeye akaniambia, tena kwa kucheka, kwamba amekumbuka kitu usingizini akaogopa kwamba hakunieleza vizuri. "Jumapili ukiona baridi, shika chungu. Chungu si mti. Mimi nauhamisha kila Jumapili, nikisikia uvivu nausukuma kwa mguu." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniangalia. "Wewe umenielewa, lakini? Hukuuacha nje?"

"Nimekuelewa, Masi," nikasema. "Uko ndani."

Ulikuwa ndani kweli, na hiyo ndiyo sehemu ya jibu langu ninayoichukia zaidi. Alifumba macho, ameridhika. Alifariki siku tisa baadaye, na katika siku hizo nilikwenda kumwona mara tatu, na mara zote tatu sikusema.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza tumejifunzia wapi heshima ya namna hii. Tanga tuliishi na watu hawa tukiwauliza maswali ya kijinga kutwa nzima. Bibi yangu alimwuliza mke wa fundi cherehani, uso kwa uso, kwa nini anatia alama nyekundu kipajini, na yule naye akamwuliza bibi kwa nini anatawadha wakati hana uchafu, wakajibizana, wakacheka, wakapelekeana sahani za vitamu Idi na Diwali. Walikoseana pia, wakasameheana kabla ya magharibi. London imetufundisha adabu nyingine. Kazini tunapelekwa semina, tunaonyeshwa picha za watu wa kila rangi, tunaambiwa tuheshimu tofauti, na sote tunatoka pale tukiwa tumeelewa jambo moja tu, kwamba usalama ni kutouliza. Jirani akisema kwetu jambo hili ni mwiko, tunainamisha kichwa na kurudi nyuma hatua mbili, tukidhani tumempa haki yake. Mimi ni bingwa wa adabu hiyo. Miaka kumi na mmoja nilikula chapati za Masi na sikuwahi kumwuliza hata mara moja yeye mwenyewe anafanyaje Jumapili. Nilijua hadithi yote ya yule dada mkubwa. Sikujua kwamba anausukuma mti wake kwa mguu.

Mwanawe alikuja. Kuchoma maiti kulisubiri zamu, kama kila kitu kinavyosubiri zamu mji huu, lakini siku ya kumimina maji haisubiri. Asubuhi ya siku hiyo aligonga mlango wangu, mtu wa miaka arobaini na minane, suruali imekunjwa vizuri, mkononi ana kopo la shaba lenye maji, maziwa kidogo na ufuta mweusi. Yeye Kiswahili anakisikia chote, maana kilikuwa lugha ya jikoni kwao, ila anajibu Kiingereza. Aliniambia kuhani amemtuliza kwamba nia ndiyo kitu, mti wowote ungefaa, lakini mama alisema huu, kwa hiyo anashukuru kwamba nimeutunza. Nikafungua kibaraza. Akauangalia ule mti mkavu, nami nikamwangalia yeye.

Alisema kwamba mama alikuwa akimwambia mpipali hupukutisha majani yote kabla ya kutoa mapya. Ndivyo ulivyo, ni kweli, hupukutisha. "Basi umelala tu," akasema. Hakuwa akiuliza. Ningenyamaza, angemimina, angerudi Kanada, na nisingejulikana hadi kufa kwangu.

"Umekufa," nikamwambia. "Niliuacha nje Jumapili moja kwenye barafu. Mama alisema nisiuguse Jumapili, na mimi nikaogopa kushika hata chungu chake."

Akauliza kama mama alijua. Nikasema hakujua, nilimwambia mzima, tena nikamwambia uko ndani. Nilitegemea anitukane, na nadhani ningefarijika. Akaangalia kopo, akaangalia mti, akaangalia saa yake, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile cha mama yake, "Sasa tufanyeje?" Sisi ni watu wazima wawili, mmoja mhandisi na mmoja ana leseni ya kubeba watu themanini na saba, na hatukujua la kufanya na kopo la maji. Mwishowe akachutama akamimina. Udongo ulikuwa umeshiba maji yangu ya hofu ya wiki zile, haukunywa. Maji yalisimama juu kidogo, ufuta ukielea, kisha yakatoka chini ya chungu na kusambaa sakafuni kati ya viatu. Alisema hajui kama inahesabika. Nikamwambia nami sijui. Aliomba kwa sauti ya chini, akainuka, akanipa mkono. Hakunikumbatia, na sikuona sababu ya yeye kufanya hivyo.

Nyumba itauzwa. Mti uko kwangu sasa, kwa sababu kuutupa ni mwiko, na kuuchoma ni mwiko, na safari hii nimeuliza. Mke wangu haugusi na wala hanitanii. Kuna wasomaji watakaoniandikia kunituliza, watasema ni mti tu, au ni nia iliyo njema, au mama wa watu alikufa kwa amani. Najua alikufa kwa amani. Alikufa akiniamini, na hilo siwezi kumwomba radhi tena. Nilichokipata ni hiki kidogo, nami nawapa kama nilivyokipata, nimechelewa. Mtu akikwambia kitu changu hiki usikiguse, usitosheke kurudi nyuma. Muulize anakusudia mpaka wapi. Muulize wakati bado anaweza kukucheka na kukujibu, hata kama amelala hospitalini, hata kama unaona unamsumbua, kwa sababu mimi sikumsumbua Masi, na ndiyo maana hakupata maji yake.